Mama hataki mbwa, na mbwa yumo kwenye orodha yangu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga mjini, umri wangu miaka 38. Ndoa yangu ilivunjika, mtoto sikujaaliwa, na sasa naishi na mama Ngamiani katika nyumba aliyotuachia marehemu baba. Ni nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyingi huku: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani kuna jiko, choo na bomba la maji. Vyumba viwili vya mbele wanakaa wapangaji.

Nilipotoka kwenye ndoa nilichukua daftari nikaandika mambo kumi ninayotaka kuyatimiza kabla sijafika miaka 40. Sikumwonyesha mtu. Nilikuwa nimekaa miaka mingi nikifanya ya wengine, nikataka angalau niyaone yangu kwa maandishi. Nimalize stashahada. Nilipe deni alilokufa nalo baba kwa rafiki yake. Nijifunze kuendesha gari mpaka nipate leseni. Nihitimu Msahafu, maana chuoni niliachia njiani. Nisimame Irente, kule Lushoto, niitazame Mazinde ilivyo chini. Nijue kushona, nivae nguo niliyoikata mwenyewe. Hayo sita yote nimeyatia vema, alhamdulillahi. Yamebaki manne: kuogelea, kununua kiwanja, kwenda umra, na kufuga mbwa.

Hilo la mbwa ndilo lililonifanya nikuandikie. Nilipokuwa mdogo nililelewa kwa babu mzaa baba, Muheza, kwenye shamba la michungwa. Babu alikuwa na mbwa akiitwa Simba, kazi yake kufukuza ngedere na nyani. Asubuhi alinisindikiza mpaka njia panda ya shule, kisha akarudi kazini kwake. Nilikuwa mtoto mwoga sana, na sikuwahi kuogopa kitu nikiwa naye. Tangu hapo nimekuwa nikitamani niwe na mbwa wangu, nimlee mimi.

Sasa mwalimu mwenzangu anayekaa Raskazone, kwenye nyumba yenye ua mkubwa, mbwa wake amezaa. Watoto wana wiki tano. Yeye amepata uhamisho, kwa hiyo anawagawa, na mimi ameniwekea jike mmoja wa kahawia ambaye sikio lake moja limesimama na jingine limelala. Nikienda pale ananifuata kila ninapokwenda. Mwenzangu anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Nilipomgusia mama alisema, "Huyo mbwa akiingilia mlango wa mbele, mimi natokea wa uani." Kaka yangu naye kasema mbwa ni najisi, malaika hawaingii penye mbwa, na kwamba hiyo orodha yenyewe ni mambo ya Kizungu, mtu mzima kuyaandika maisha yake kama anakwenda sokoni. Mpangaji mmoja mwenye watoto wadogo kasema atahama. Mama pia hurudia habari za mdogo wake aliyeumwa na mbwa huko Pangani walipokuwa wadogo, akafa, lakini hayo ni ya zamani sana, siku hizi chanjo zipo.

Mimi nimepanga hivi: mbwa akae uani, mchana nikiwa kazini nimfunge, usiku nimfungulie. Ikishindikana, nimpeleke Muheza kwa baba mdogo, ambaye ndiye anayeliangalia shamba la babu, niwe nakwenda kumwona. Hapo si nitakuwa nimelitimiza?

Shangazi, je, ni dhambi? Nilifute neno mbwa, au nisimame nalo? Arobaini inakuja. Na nimechoka kuambiwa kila ninachokitaka si cha mtu kama mimi.

Mwenye Daftari,
Ngamiani, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Huyo mtoto wa mbwa usimchukue. Nakuambia mapema ili usisome jibu langu lote roho ikiwa juu. Na neno mbwa kwenye daftari lako usilifute. Hayo mawili nayasema kwa pamoja na wala hayagombani, nitakueleza.

Lakini kwanza nimjibu kaka yako, maana maneno yake yamekuuma kuliko ya mama. Kuandika unachokitaka si Uzungu. Hapo Ngamiani penyewe, mtaa hadi mtaa, wako wanawake wanaocheza mchezo wa kupeana, na kila mmoja anajua zamu yake ni mwezi gani na hela akizishika zitakwenda wapi: hizi ada, hizi bati, hizi harusi ya mtoto. Wamepanga maisha yao na hakuna anayewacheka. Mtu anayeweka nadhiri naye amepanga. Wewe umefanya hivyo hivyo, ila umetumia kalamu kwa kuwa ni mwalimu.

Tena liangalie jambo la pili kwenye daftari lako. Umelipa deni la baba yako. Tumefundishwa kwamba roho ya Muumini hufungika kwa deni lake mpaka lilipwe, na aliyemfungulia baba yenu ni wewe, kwa hiyo orodha inayoitwa ya Kizungu. Sikuambii umsimange nalo kaka yako. Nakuambia ulijue wewe, ili siku nyingine akisema vile yasikuingie.

Sasa tuje kwenye mbwa.

Mambo sita uliyoyamaliza yote yana kitu kimoja. Yana mwisho. Stashahada ukishaipata imepatikana, hakuna atakayekuja alfajiri kukudai uipate tena. Leseni unayo. Irente umesimama, Mazinde umeiona, umeshuka. Kwa mambo ya namna hiyo tarehe ya mwisho inasaidia sana, maana inamsukuma mtu. Kuogelea ni hivyo. Kiwanja karibu ni hivyo. Umra ni hivyo. Mbwa siyo. Siku utakayoweka vema kwenye neno mbwa ndiyo siku kazi inapoanza, na kazi yenyewe ni ndefu: mbwa wa kienyeji akitunzwa vizuri anaishi miaka 10, hata 13 na kupita. Huyo jike ukimchukua mwezi huu, utakuwa unaikaribia 50 naye bado asubuhi anakutazama usoni akitaka kula. Kwa hiyo ile arobaini yako haimhusu kabisa. Mtu hawezi kumwahi mbwa kabla ya arobaini. Anaweza tu kumwanza, halafu aendelee.

Ndiyo maana nimeisoma mipango yako ya uani nikaona bado hujampangia mbwa, umepangia vema. Samahani kama ni kali. Tazama wewe mwenyewe: unasema mchana utamfunga, usiku utamfungulia. Mwalimu anatoka saa kumi na mbili asubuhi, pengine anarudi saa kumi jioni. Mbwa mchanga anayefungwa kamba kutwa nzima hukua mwenye hasira au mwoga, na mbwa mwoga huuma upesi kuliko mkali. Atabweka, na kubweka kwake kutakuwa mlangoni mwa vyumba vya watu. Watoto wa mpangaji wakienda chooni au bombani lazima wapite alipofungwa. Shirika la Afya Duniani linasema katika kila watu 100 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 40 ni watoto walio chini ya miaka 15, na sababu haina siri: watoto ndio wanaosogelea, ndio wanaovuta mkia, na ndio ambao vichwa vyao viko karibu na mdomo wa mbwa. Huyo mpangaji aliyesema atahama si adui yako. Ni mzazi.

Hata kwa mbwa mwenyewe si haki. Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, nayo inamtaka mwenye mnyama amtunze, asimtese. Wengi hatuikumbuki mpaka tumwone punda kabebeshwa kupita kiasi. Lakini mbwa aliyefungwa kwenye kona ya uani, juani, bakuli la maji limepinduka, naye anateseka, ila kimya kimya.

Ninachotaka ukijue ni kazi yenyewe ilivyo, ili siku utakapomchukua umchukue kwa macho mawili. Wiki tano ni mapema mno kumtenga na mama yake. Anatakiwa akae naye mpaka wiki ya nane kwa uchache, maana hapo ndipo anapofundishwa na mama na ndugu zake kwamba akiuma kwa nguvu mchezo unaisha. Mtoto wa mbwa aliyetolewa kabla ya kulijua hilo atakuja kulijifunzia mikononi mwa watu. Mwambie na mwenzako hivyo, asiwagawe bado hata kama mizigo ameshaanza kufunga. Kuanzia wiki ya sita hadi ya nane huanza chanjo za magonjwa ya watoto wa mbwa, hasa parvo, ambayo humharisha damu na kumuua kwa siku chache. Chanjo hizo hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16. Akiwa na miezi mitatu huchomwa ya kichaa cha mbwa, nayo hurudiwa mwaka hadi mwaka. Kuna dawa ya minyoo, ambayo akiwa mdogo hupewa mara kwa mara, akikua kila miezi mitatu hivi. Na kwa joto na unyevu wa pwani yetu kuna kupe. Masikioni, katikati ya vidole, chini ya mkia, unamkagua kwa mkono wako, siyo kwa kuangalia.

Halafu huyo ni jike. Jike hupata joto karibu mara mbili kwa mwaka, na wakati huo madume wa Ngamiani nzima watalala barazani kwenu. Akishika mimba, kwa siku kama 63 anazaa, na wewe ndiye utakayekuwa unatafuta watu wa kuwapa, kama mwenzako wa Raskazone sasa hivi. Dawa yake ni kumhasi, kazi ya daktari wa mifugo, nayo ina gharama yake. Chakula ndicho rahisi kuliko vyote: ugali wa dona na dagaa, vichwa vya samaki vilivyochemshwa vikatolewa miiba, wali uliobaki usio na kitunguu, kwa sababu kitunguu kinamdhuru. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe hata akulilie, inavunjika vipande vyenye ncha na kumchoma matumbo.

Simba wa babu yako alikuwa na ekari za michungwa na kazi ya kufanya kutwa. Wewe ulichokipenda kwake kilitokana na hayo. Ukimtafuta Simba kwenye uani wenye hatua chache hutampata, na utamlaumu mbwa bure.

Nije kwa mama yako. Hapa mwanangu nisikilize.

Habari za mdogo wake umeziandika kwa sentensi moja, ukazifunga kwa kusema siku hizi chanjo zipo. Mimi ndipo nilipokaa. Barua yako haisemi wazi kama alikufa kwa kichaa cha mbwa, lakini kwa vile umetaja chanjo naelewa hivyo. Kama ndivyo, mama yako alikiona kitu ambacho mtu mzima hakisahau, sembuse mtoto. Ugonjwa huu hauji siku ile ile. Jeraha hupona, watu husahau, wiki hupita, pengine miezi, kisha homa, kisha mgonjwa anapewa maji, koo linabana, na anayaogopa maji yenyewe hata kuyaona. Anaweweseka, anapigana na wanaompenda. Dalili zikishatoka, karibu kila mgonjwa hufa, na hilo halijabadilika mpaka leo. Katika nyumba ya Pangani ya wakati ule, watoto wote wa nyumba walisikia.

Kinachouma zaidi ni kwamba kinga ilikuwapo duniani. Mtoto wa kwanza aliyeokolewa kwa chanjo hiyo alikuwa wa miaka 9, Ufaransa, mwaka 1885, mikononi mwa Louis Pasteur. Mama yako hajazaliwa, wala mama yake. Mdogo wake haikumfikia. Wewe ukisema "siku hizi chanjo zipo" unasema kweli, lakini kwa sikio la mama yako maana yake ni kwamba zilikuwapo kwa wengine.

Kwa hiyo mlango alioutaja wa kutokea si ukaidi wa wazee, na wala dini siyo iliyo mbele. Anaogopa kuzika mtoto mwingine kwa sababu ile ile. Kaa naye. Muulize mdogo wake alikuwa anaitwa nani, aliumwa wapi, mbwa alikuwa wa nani, walimpeleka wapi. Usimuulize ili umshinde, na siku hiyo neno la mbwa wako usilitie kabisa. Huenda hajawahi kuulizwa na mtu yeyote tangu msiba ule. Mimi naamini utatoka hapo ukimjua mama yako kuliko unavyomjua leo, hata kama kuhusu mbwa hatabadili neno. Na asipobadili, ni haki yake. Nyumba ni aliyoachiwa na mumewe, umri umekwenda, mahali pa kulala kwa amani ni pale. Ile aya ya Suratul Ahqaf inayomtaja mtu aliyefikia miaka 40 inamtaja akiomba awezeshwe kushukuru neema alizoneemeshwa yeye na wazazi wake. Kwa kuwa arobaini umeiweka wewe mwenyewe kuwa mpaka, nakukumbusha kilichoandikwa hapo mpakani.

Dhambi, uliniuliza. Mimi si shehe, kwa hiyo hukumu utaitafuta kwa anayeijua, lakini nitakueleza kile ambacho wengi wetu tumesomeshwa, ili uende ukiwa na swali zuri. Pwani yetu wengi ni wa madhehebu ya Shafi, na kwa Shafi mate ya mbwa na unyevu wake ni najisi nzito: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Kikavu kwa kikavu hakihamishi najisi. Imamu Malik yeye anaona mbwa aliye hai ni twahara. Ipo hadithi sahihi kwamba anayefuga mbwa bila sababu hupungukiwa na thawabu zake kila siku, na hadithi hiyo hiyo inawatoa mbwa wa mifugo, wa kuwinda na wa shamba. Wapo wanazuoni waliopimia ulinzi wa nyumba kwa hao watatu, wakauruhusu. Suratul Maida inahalalisha kile anachokamata mbwa aliyefundishwa kuwinda, na Suratul Kahf inamtaja mbwa wa wale vijana wa pangoni akiwa amenyoosha miguu yake kizingitini. Na sote tunaijua habari ya aliyeshuka kisimani akampa maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Basi ukienda kwa shehe usiulize "mbwa ni haramu?", utajibiwa kwa neno moja. Muulize: mbwa wa kulinda, anayelala nje ya nyumba, kwenye ua wake, chombo chake mbali, na mimi nina udhu wa kuulinda, nifanyeje? Hilo ni swali la mtu anayetaka kufuga kwa adabu. Kaka yako kasema ukweli kiasi, ila amesimama kwenye "najisi" na hakuendelea. Najisi maana yake kuna utaratibu wa kujitwaharisha. Haina maana kwamba kiumbe kichukiwe.

Lile la kumpeleka Muheza kwa baba mdogo ni zuri kwa mbwa. Shamba lipo, ngedere wapo, na kwa hadithi uliyoisoma hapo juu hakuna wa kukusumbua. Ila baba mdogo mwenyewe anamtaka? Hujaandika. Kama unampelekea tu kwa kuwa kwako hapana nafasi, utakuwa umemhamishia mzigo mzee wa watu, na chanjo hatampeleka, na siku mbwa akimuuma jirani utaitwa wewe. Mpigie simu umuulize kwa moyo mweupe. Akisema anamtaka, basi mwenzako amepata mahali pa kumpeleka mmoja, watoto wakishafika wiki nane, na wewe uchangie chanjo na dawa ya minyoo. Huyo lakini atakuwa mbwa wa baba mdogo. Usimtie vema daftarini. Ulichoandika ni kumlea mwenyewe, na anayemlea mbwa ni yule anayemwamsha na kumlisha.

Sasa yale manne uyapange upya, mimi ningeyapanga hivi. Kuogelea anza sasa, wala usingoje kitu. Hilo hakuna aliyekukataza, na nashangaa kidogo kuliona limebaki nyuma kwa mtu aliyekulia mkoa wa bahari. Nenda Raskazone na mwanamke mwenzako anayejua, msiende wawili wote hamjui. Chagueni siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, wakati mkondo hauna nguvu kama wa bamvua, na mwingie maji yakiwa yanajaa, yasiwe yanatoka. Jifunze kuelea kabla ya kujifunza kwenda. Wengi hukimbilia kupiga mikono, wakichoka hawajui la kufanya.

Baada ya hapo kiwanja, na hapa ndipo mbwa wako alipo. Utakapokuwa unatafuta pembezoni huko, Mwahako, Kange, Pongwe, mtafutie na yeye. Kiwe na nafasi ya ua, kiwe na mti wa kivuli au mahali pa kuupanda, maji yasiwe ya kubeba mbali. Kabla hujatoa hata shilingi uende serikali ya mtaa, uwaulize majirani wa pande zote nne, kisha ofisi ya ardhi ya Jiji waitazame ramani. Usinunue kwa kuonyeshwa mwembe na kuambiwa "kuanzia pale mpaka pale".

Umra nenda kabla ya mbwa. Ukishakuwa naye, kila safari ina swali la nani atamlisha, na hupendi uwe Makka huku moyo uko kwenye bakuli la maji. Na mama yako, kama afya na mfuko vinaruhusu, nenda naye.

Mbwa atakuja ukishakuwa na ua wako mwenyewe. Huenda ukawa na miaka 42, huenda 45. Kwenye daftari lako, pale ulipoandika "kabla ya 40", pachoree mstari kwa hilo moja tu, mengine yaache na mpaka wake. Kuna lingine unaloweza kulifanya hata leo ukiwa huna mbwa, na kwa mwalimu ni jepesi. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa, na sehemu nyingi wataalamu wa mifugo huchanja mbwa wa wananchi kwenye kipindi hicho. Wafundishe watoto wa darasa lako: wasimkimbie mbwa, wasimtazame machoni, wasimguse anayekula au mwenye watoto. Na aliyeumwa au kukwaruzwa, hata kidogo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kisha hospitali siku hiyo hiyo akaanze sindano, na azimalize zote hata kama kidonda kimepona. Wasimpake majivu wala mafuta ya taa. Ukitoka kuzungumza na mama yako kuhusu mdogo wake, utalifundisha somo hilo kwa namna ambayo hakuna kitabu kinachoweza.

Umesema umechoka kuambiwa unachokitaka si cha mtu kama wewe. Mimi sikuambii hivyo. Mwanamke wa Ngamiani, mwalimu, mwenye kuswali, anaweza kufuga mbwa na kumtunza vizuri kuliko wengi wenye kuta ndefu. Ninachokuambia ni kwamba huyu, mwezi huu, kwenye nyumba hii, hapana.

Mwenzako mjibu kesho, usingoje mwisho wa mwezi. Ana watoto wa mbwa wa kuwatafutia watu, na muda wake ni mfupi kuliko wako. Ukishazungumza na baba mdogo na ikawa ndiyo, mwambie akuwekee huyo mwenye sikio lililosimama aende Muheza wiki ya nane ikitimia, na mwende pamoja na karatasi ya chanjo ya kwanza mkononi.

Nisalimie mama.

Shangazi